Muuaji Ndani ya Wimbo: Kutoka Ng'ambo hadi Rockfield

Nyimbo mbili zinazomzungumzia mtu aliyeua zimeishi muda mrefu kuliko nyimbo nyingi za mapenzi zilizotoka wakati wake. Ya kwanza ni Kijiti, wimbo wa taarab wa Siti binti Saad na wenzake, uliovuma Unguja katika miaka iliyo kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Ya pili ni Bohemian Rhapsody ya bendi ya Queen, singo iliyotoka Uingereza tarehe 31 Oktoba 1975 na kukaa kileleni mwa chati ya nchi hiyo kwa wiki tisa. Mtunzi wa huu wa pili, Freddie Mercury, alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Siti alikuwa bado hai kisiwani hapo. Alifariki Julai 1950.

Ni rahisi kushawishika kudai kwamba mtoto wa Zanzibar alibeba taarab moyoni hadi Ulaya, akaitoa katika wimbo wake mkubwa. Sidai hivyo, na sioni haja ya kudai. Bohemian Rhapsody ni kazi ya muziki wa roki wa Kiingereza iliyokopa kwa opera ya Italia na kwa kwaya za kanisani. Thamani ya kuuweka karibu na Kijiti iko kwingine. Nyimbo hizi zinashika kisa cha aina moja, mauaji na hukumu, kisha kila mmoja unamgawia msikilizaji kazi tofauti. Siti anampa msikilizaji ukweli wote wa tukio na kumwachia hukumu. Mercury anaficha ukweli wa tukio, anamwonyesha hukumu ikipigiwa kelele, na kumwachia kuutafuta ukweli. Naamini tofauti hiyo ndiyo inayoeleza jinsi kila wimbo ulivyotengenezwa, ulivyopokelewa, na kwa nini hadi leo haujazimika.

Kabla ya kufika kwenye mauaji yenyewe, tuitazame njia ambayo wasanii hawa wawili waliipita kwa nyakati tofauti. Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata 1880 katika familia ya watu waliokuwa watumwa, akahamia mjini, akajifunza kuimba akipigiwa udi, akaweka makazi Ng'ambo, upande wa mji walioishi watu wa kipato cha chini. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za chapa ya His Master's Voice, mali ya Gramophone Company ya London. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia, ikazaliwa EMI. Mercury naye alipelekwa India utotoni, akasoma shule ya bweni Panchgani, kusini mashariki ya Bombay, akajifunza piano na kupiga katika bendi yake ya kwanza, The Hectics. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia yake ilihamia Feltham, nje kidogo ya London. Mwaka 1975 kampuni iliyotakiwa kutoa singo yake ilikuwa EMI.

Basi Zanzibar, Bombay na London zilikuwa vituo vya biashara moja ya sauti. Kampuni ile ile iliyosikia faida katika koo la mwanamke wa Ng'ambo ndiyo iliyosita, miaka 47 baadaye, mbele ya wimbo wa kijana aliyezaliwa ng'ambo ya pili ya mji huo huo. Sababu ya kusita kwake inatuonyesha kwamba santuri haikuwahi kuwa chombo kisicho na matakwa.

Santuri ya enzi za Siti ilikuwa na nafasi ya dakika tatu na kidogo kwa kila upande. Taarab haikuumbwa kwa kipimo hicho. Kwenye kikao, udi hutangulia na kuita maqamu, fidla hujibu, dumbaki na tari hushika mwendo, kisha mwimbaji huingia taratibu. Beti hurudiwa kwa kadiri hadhira inavyotaka, kiitikio hurejea, na mtu aliyeguswa huinuka kumtunza mwimbaji. Wimbo mmoja unaweza kumeza sehemu kubwa ya usiku. Huko Bombay, Siti na wenzake Mbaruku, Subeti, Maalim Shaabani na Buda walilazimika kuukata usiku huo ukae kwenye sahani. Walipiga na kuimba kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, na aliyekosea aliwakosesha wote. Hadhira haikuwepo, utangulizi ulifupishwa, beti zilichaguliwa.

Hata hivyo wimbo haukupungua, kwa sababu santuri haikuwa makazi yake. Makazi yake yalikuwa Ng'ambo, nyumbani kwa Siti, ambako watu walikusanyika usiku kumsikiliza, na pia kwenye kumbi za wakubwa alikoalikwa. Santuri ilibeba habari kwamba sauti hii ipo. Ilipigwa kwenye migahawa ya pwani, watu wakaketi kuizunguka gramafoni moja, na waliokuwa mbali wakatamani kufika kisiwani kumsikia mwenyewe. Watafiti hutaja makumi ya maelfu ya santuri za Kiswahili zilizouzwa na kampuni hiyo kufikia 1931, soko ambalo wakuu wake hawakulitazamia walipopeleka mashine kwa ajili ya waimbaji waliodhaniwa kuwa na wasikilizaji wachache.

Queen walitenda kinyume kabisa. Mwishoni mwa Agosti 1975 waliingia studio ya Rockfield, shambani karibu na mji wa Monmouth, Wales, wakiwa na prodyuza Roy Thomas Baker. Wimbo ulikuwa kichwani mwa Mercury zaidi kuliko karatasini. Wenzake wameeleza jinsi alivyopiga kipande, akasimama, akasema hapa itaingia opera, kisha akaendelea. Piano, besi na ngoma zilirekodiwa kwanza, na kuachwa mapengo ya kujazwa baadaye. Kisha yeye, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliimba sehemu ya opera kwa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Mashine yao ilikuwa na njia 24. Sauti tatu hazitoshi kuwa kwaya, kwa hiyo waliimba, wakaziunganisha njia kadhaa kuwa moja, wakaimba tena juu yake, wakaunganisha tena. Mara zilizotajwa za kuongeza sauti zinafikia 180. Utepe ulipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi mno hata ule unga unaohifadhi sauti ukaanza kubanduka, na mwanga ukapenya. Kipande hicho cha opera pekee kilichukua yapata wiki tatu, muda ambao bendi nyingi za wakati ule zilitosheka nao kumaliza albamu nzima.

Kilichotoka kina dakika 5 na sekunde 55. Kinaanza kwa sauti tupu za kwaya, kinaingia wimbo wa taratibu wa piano, gitaa linalia, opera inalipuka, roki nzito inafuata, kisha mwisho unatulia. Hakina kiitikio hata kimoja, na kiitikio ndicho mhimili wa singo ya roki kama kilivyo mhimili wa taarab. Redio za wakati huo zilitaka wimbo wa dakika tatu hivi. EMI walishauri ukatwe. Bendi ilikataa: utoke mzima au usitoke.

Hapa ndipo tamaduni hizi mbili zinapoachana. Siti alikubali kuikatia santuri kipande kwa kuwa wimbo mzima ulimngoja nyumbani. Queen hawakuweza kukubali, kwa sababu nje ya santuri wimbo wao haukuwepo mahali popote. Hakuna jukwaa ambalo watu wanne wangeweza kuziimba sauti zile zote. Walipoanza kuupiga hadharani, opera iliwashinda. Baada ya kujaribu njia mbalimbali za kuukatakata, walizoea kutoka jukwaani taa zikiwaka na sauti ya studio ikisikika, kisha wakarejea kwa kishindo wakati wa roki nzito. Kwenye tamasha la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985, Mercury aliuimba mwanzo tu kwenye piano kisha akahamia wimbo mwingine. Kwa Siti, santuri ni kivuli cha hadhara. Kwa Queen, hadhara ndiyo kivuli cha santuri.

Sasa tuingie ndani ya mashairi. Kijiti ni jina la mtu. Kisa chenyewe, kama kilivyohifadhiwa na wazee wa Unguja, ni cha mwanamke mjamzito aliyekuja kisiwani kutoka Dar es Salaam kutembea. Alitoka na wanawake wenyeji wake kwenda kwenye ngoma, kilevi kikanunuliwa, Kijiti akampata, akamuua. Kisha akavuka bahari kwenda Bara, mkono wa serikali ya kikoloni ukashindwa kumfikia. Wale wanawake waliopeleka habari mahakamani ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya kile kilevi. Muuaji akawa huru, mashahidi wakafungwa.

Taarab ina sifa ya kusema kwa mafumbo. Mpenzi ni ua, adui ni nyoka, mtu husemwa bila kutajwa na mwenye kuelewa akaelewa. Katika Kijiti fumbo limewekwa kando. Muuaji anatajwa, mambo yanapangwa kwa mfuatano, uamuzi wa hakimu unaelezwa kama ulivyokuwa. Naona uamuzi mzito wa kisanaa hapo. Mahakama ilikuwa imekwisha kupindisha tukio. Kulisema kwa fumbo kungelipindisha mara ya pili. Kwa hiyo wimbo unashika kazi ya karani mwaminifu, unaandika yaliyotendeka, na kuwaita watu watazame. Hukumu ambayo hakimu hakuitoa inaachwa mikononi mwa watu wa baraza la Ng'ambo, ambao wengi wao walizijua mahakama za wakoloni kama mahali pa kutozwa faini na kufungwa.

Bohemian Rhapsody inachukua njia ya pili. Kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu. Aliyeuawa hana jina, hana sura, hana mtaa. Kwa nini aliuawa, hatuambiwi. Kijana anaaga, anajutia kuzaliwa, kisha mara moja tunatupwa katika opera ambamo makundi mawili ya sauti yanavutana juu yake, moja likiomba aachiwe na jingine likikataa. Majina ya wahusika wa michezo ya Kitaliano yanapita, mwanasayansi wa kale anaitwa, tamko la Kiarabu la kuanza kwa jina la Mungu linapigwa mara kwa mara, shetani anatajwa. Ni mahakama iliyojaa sauti na isiyo na ushahidi hata chembe. Baada yake roki inakuja na hasira ya mtu aliyeonewa, na mwishoni anasema hakuna linalomhusu tena.

Kwa maneno mengine, mwimbaji wa mafumbo amesema wazi, na bendi ya roki, ambayo kwa kawaida hutarajiwa kutamka hisia bila kificho, imefumba. Mercury hakulifumbua fumbo hilo hadi kifo chake. Alishikilia kwamba msikilizaji asikilize na kuamua mwenyewe.

Mapokezi yalifuata umbo la kila wimbo. Kijiti kilivuma kwa watu walioweza kusema: nilikuwepo, nilimjua, nilisikia. Mwimbaji aliwakumbusha wanachokijua na kukipa vina na mizani ili kisipotee. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wa Zanzibar kwa ajili ya kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyokuwa sehemu ya mjadala wa watu wa kawaida juu ya haki, utu na hadhi ya mwanamke. Kuvuma hapa kulipimwa kwa kurudiwa: wimbo uliotoka barazani ukaingia jikoni, ukatoka jikoni ukaenda shambani, na anayeurudia akawa shahidi mmoja zaidi katika kesi iliyofungwa vibaya.

Singo ya Queen ilihitaji mlango mwingine. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipata nakala kabla haijatoka. Alianza kwa kuonjesha vipande, kisha akaupiga mzima mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Wasikilizaji wakapiga simu, Jumatatu wakajaa madukani kuulizia santuri ambayo ilikuwa bado haijafika. Kwa hiyo aliyeshinda ubishi wa dakika sita alikuwa msikilizaji. EMI hawakuwa na hoja tena. Baadhi ya wahakiki wa magazeti ya muziki waliudhihaki kwa kujitutumua, lakini watu walikwisha kuununua. Kufikia mwishoni mwa Januari 1976 zaidi ya nakala milioni moja zilikuwa zimeuzwa Uingereza.

Ilibaki shida ya kuonekana. Kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kilitaka wasanii waje kuigiza kuimba, na wimbo huu haukuigizika. Novemba 1975 mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga picha katika studio za Elstree kwa muda wa saa nne hivi, nyuso nne zikitokeza gizani kama zilivyokuwa kwenye jalada la albamu yao ya pili. Filamu hiyo fupi ilirushwa badala yao. Kampuni za muziki ziliona kwamba picha inaweza kuuza wimbo hata mwimbaji akiwa mbali, na tangu hapo video ikawa sehemu ya kawaida ya kutoa singo.

Kisha likaja lile ambalo fumbo hulileta daima: kila msikilizaji alianza kuandika ushahidi unaokosekana. Wako waliosikia ungamo la Mercury juu ya maisha yake ya mapenzi. Wako waliosikia kijana wa familia ya wahamiaji akiaga ulimwengu wa wazazi wake. Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Iran. Mwaka 2004 kanda ya nyimbo bora za Queen iliruhusiwa rasmi kuuzwa nchini humo, ikiwa na karatasi ya maelezo. Humo kijana wa wimbo alielezwa kuwa ameua kwa bahati mbaya, akaiuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa akamwita Mungu na kuipata tena. Ni hadithi kamili yenye kosa, toba na wokovu, na imejengwa juu ya neno moja la Kiarabu ambalo msikilizaji wa London alilipita kama pambo. Sioni kosa katika usomaji huo. Wimbo ulioacha pengo katikati ya ushahidi hauna haki ya kumlaumu anayelijaza kwa imani yake.

Nyimbo za Siti hazikubali kujazwa hivyo, lakini zinakubali kurithiwa. Mwimbaji wa taarab wa Zanzibar Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti kwa sauti yake nzito, akazibadili mwendo na kuzipa uzee wake, na hakuna aliyeona kwamba ameharibu kitu, kwa kuwa taarab ya namna hiyo inatarajia koo la pili na la tatu. Bohemian Rhapsody inaelekea kumgomea anayetaka kuibadili. Wanaoupiga upya hujitahidi kuufikia ulivyorekodiwa, hata pumzi zake. Ulirudi kileleni mwa chati ya Uingereza Desemba 1991, wiki chache baada ya kifo cha Mercury cha tarehe 24 Novemba, ukiwa utepe ule ule wa Rockfield, na mapato yake yakapelekwa kwenye shirika la Terrence Higgins Trust linaloshughulikia UKIMWI.

Lakini hata santuri isiyobadilika imepata hadhara yake. Tarehe 1 Julai 2017, kwenye bustani ya Hyde Park, London, watu wapatao 65,000 walikuwa wakingoja bendi ya Green Day. Bohemian Rhapsody ilipigwa kutoka spika, hakuna mwimbaji jukwaani, na umati ukauimba wote: wimbo wa taratibu, opera, hata gitaa waliliimba kwa midomo. Sehemu ambayo Queen wenyewe waliiachia mashine, watu waliichukua. Wale watatu waliojizidisha kwenye utepe hadi wakawa kwaya walipata kwaya ya kweli baada ya zaidi ya miaka 40.

Kwa mtazamo huo naukataa ule mgawanyo uliozoeleka, kwamba muziki wa asili ni wa jamii na singo ya roki ni bidhaa ya kiwandani. Kijiti kilitoka katika kundi ambalo liliijua biashara, lilisafiri baharini kurekodi na kujua santuri inauzwaje. Bohemian Rhapsody ilitoka EMI, ikalindwa na watu waliopiga simu redioni na kuikamilisha kwa vinywa vyao. Zote mbili zilipita kiwandani, na zote mbili zilihitaji baraza.

Zanzibar leo ina jumba la makumbusho la Freddie Mercury, lililofunguliwa mtaa wa Shangani mwaka 2019, na wageni hupiga picha mlangoni. Nafurahi kuwa lipo. Ninachotamani ni kwamba mgeni huyo huyo avuke eneo la Darajani, aingie Ng'ambo, aambiwe kwamba hapa aliishi mwanamke ambaye wimbo wake ulimtaja muuaji kwa jina lake wakati mahakama iliwafunga mashahidi. Mercury ametufundisha kwamba wimbo unaweza kudumu kwa kile unachokificha. Siti ametufundisha kwamba unaweza kudumu kwa kile unachokataa kukificha. Mwandishi wa nyimbo wa leo, anayeambiwa apunguze dakika ili apigwe redioni na aondoe jina la mtu ili asiwaudhi wakubwa, ana ushahidi wa pande zote mbili kwamba msikilizaji ana subira na ujasiri zaidi kuliko wanavyodhani wanaodai kumjua.